Sororiti Iliyokufa: Jina Lake ni la Nani?

Tarehe 31 Mei 2024 Birmingham-Southern College, chuo cha Alabama kilichokuwapo tangu mwaka 1856, kilifunga milango yake. Mwaka huohuo vilifungwa pia Wells College na College of Saint Rose katika jimbo la New York, na Cabrini University huko Pennsylvania. Mjadala uliofuata umehusu ada, madeni na uhaba wa wanafunzi, na ni sawa uhusu hayo. Lakini liko swali jingine linalorudi kila chuo cha Marekani kinapokufa, nalo hujibiwa ovyo: majina ya vyama vya wanafunzi vilivyokuwa hapo yanakwenda wapi? Nazungumzia hasa sororiti, vile vyama vya udada vya wanachuo wa kike vinavyojiita kwa herufi za Kigiriki. Wako wanaoamini kwamba sororiti ikishakufa jina lake hubaki wazi, na atakayewahi kulisajili ndiye mwenyewe. Wako wanaoshikilia kwamba jina ni la waasisi na vizazi vyao daima dumu, hata kama hakuna tawi lililobaki kwa nusu karne. Naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja: zinakimbilia usajili, wakati jambo la kwanza la kuuliza ni namna chama chenyewe kilivyokufa. Chama kilichoungana na kingine, chama kilichojivunja kwa uamuzi wake, na chama kilichozama pamoja na chuo chake haviachi urithi wa aina moja. Kwa hiyo utafiti wa historia ndiyo kesi yenyewe. Anayeuona kuwa pambo la kuweka kwenye utangulizi atapoteza fedha za wakili, na huenda akalipoteza jina pia.

Wasomaji wengi wa Kiswahili walianza kulisikia neno sororiti kwa wingi mwaka 2024, Kamala Harris alipogombea urais akiwa mwanachama wa Alpha Kappa Alpha, sororiti iliyoanzishwa mwaka 1908 katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Historia ya chama hicho inaonyesha jinsi jina linavyoweza kuwa jambo zito. Mwaka 1912 wanachama waliokuwa bado masomoni waliamua kubadilisha jina na alama za chama. Nellie Quander, aliyekuwa amekwisha kuhitimu, alikataa katakata, akawakusanya wenzake, na tarehe 29 Januari 1913 wakakisajili Alpha Kappa Alpha kisheria kama shirika, ili asitokee tena mtu wa kukigeuza jina kwa kura ya kikao kimoja. Wanafunzi 22 waliotaka mabadiliko walikuwa wamekwisha kujitenga wiki mbili kabla, tarehe 13 Januari, wakaanzisha Delta Sigma Theta. Leo vyama vyote viwili ni vikubwa na vina heshima yake. Ninachotaka kionekane ni kwamba ugomvi wa 1912 haukuamuliwa kwa kuangalia nani ana hisia kali zaidi juu ya jina. Uliamuliwa na swali la nani ana mamlaka ya kusema kwa niaba ya chama: wanafunzi waliopo, au wote waliowahi kula kiapo. Swali hilohilo ndilo linalorudi miaka 50 au 100 baadaye, chama kinapokuwa hakina wanafunzi hata mmoja.

Na miaka ileile ya 1913, kusini zaidi, kulitokea jambo la kimya lenye maana kubwa kwa mada hii. Chama kilichoanzishwa mwaka 1851 katika chuo cha Wesleyan, mjini Macon, Georgia, kwa jina la Adelphean, kilikuwa kimejiita Alpha Delta Phi tangu 1905. Tatizo ni kwamba tangu 1832 kulikuwa na chama cha wanaume chenye jina hilohilo, kilichoanzia Hamilton College. Akina dada wa Macon walibadilisha neno la mwisho wakawa Alpha Delta Pi, na ndivyo wanavyoitwa hadi leo. Sheria ya shirikisho ya alama za biashara inayotumika sasa Marekani ilipitishwa mwaka 1946, zaidi ya miaka 30 baadaye. Vyama hivi vilikuwa na mila ya kuheshimiana majina kabla sheria haijawalazimisha, na mtafiti anayesoma vifungu vya sheria tu bila kuijua mila hiyo hataelewa kwa nini wahitimu wa zamani huwaka hasira wanapoliona jina lao kwenye fulana ya watu wasiowajua.

Sasa tuangalie vifo vyenyewe. Mahali pazuri pa kuanzia ni Miami University, ambayo haiko Florida kama jina linavyodanganya. Iko Oxford, mji mdogo wa Ohio. Hapo ilizaliwa Delta Zeta mwaka 1902, Delta Sigma Epsilon mwaka 1914, na Pi Delta Theta mwaka 1926. Kwa nini chuo kimoja kizae sororiti tatu za kitaifa ndani ya robo karne? Kwa sababu wanafunzi wa kozi za ualimu walikuwa dunia yao peke yao. Umoja mkuu wa sororiti, ulioanzishwa mwaka 1902 na unaojulikana kwa kifupi chake NPC, ulizihesabu tu sororiti za vyuo vinavyotoa shahada za miaka minne. Wasichana wa vyuo vya ualimu wakaunda sororiti zao na mwaka 1915 wakaanzisha umoja wao wenyewe. Baadaye vyuo vya ualimu vikakua vikawa vyuo vikuu kamili, ukuta uliowatenga ukabomoka, na mwaka 1947 sororiti za walimu zikaingizwa NPC. Kuingia huko kulikuwa heshima, lakini kulizipambanisha sororiti ndogo na wakubwa waliokuwa na fedha na matawi mengi. Pi Delta Theta ilikuwa imekwisha kumezwa na Delta Sigma Epsilon mwaka 1941. Delta Sigma Epsilon nayo ikaingia Delta Zeta mwaka 1956. Pi Kappa Sigma, iliyozaliwa Ypsilanti, Michigan, mwaka 1894, iliungana na Sigma Kappa mwaka 1959, na mwaka huohuo Theta Sigma Upsilon ya Emporia, Kansas, ikajiunga na Alpha Gamma Delta.

Delta Zeta peke yake imepokea wakimbizi wengi kuliko mtu anavyodhani. Beta Phi Alpha ya Berkeley iliingia mwaka 1941. Phi Omega Pi, iliyoanza mwaka 1910 Nebraska kwa jina la Achoth, iliingia 1946, ikiwa imebeba mgongoni Sigma Phi Beta ya New York iliyoungana nayo mwaka 1933. Theta Upsilon iliingia 1962, nayo ikiwa imekwisha kuichukua Lambda Omega mwaka 1933. Hesabu majina hayo pamoja na yale mawili ya walimu, Pi Delta Theta na Delta Sigma Epsilon: ni saba, yote ndani ya nyumba moja, na mengine yamepita mikono miwili kabla ya kufika. Mtu akikutana na jina Lambda Omega kwenye karatasi za miaka ya 1920, halioni tena popote, akadhani chama kilikufa bila mrithi, atakuwa ameishia katikati ya njia. Njia inaendelea hadi Theta Upsilon, na kutoka hapo hadi shirika lililo hai lenye mawakili wake.

Njia hiyo haifuatwi kwa kukisia. Kuna rejea ya zamani ya vyama hivi iliyoanzishwa na William Raimond Baird mwaka 1879 na kutolewa upya mara kwa mara hadi toleo la 20 la mwaka 1991. Humo kila chama kimeandikiwa mwaka wa kuzaliwa, matawi yake na mwisho wake. Kuna nyaraka za maisha ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Illinois, Urbana-Champaign, ambazo ni hazina kubwa ya karatasi za vyama vya Kigiriki. Lakini ninavyoona, shahidi wa karibu kabisa ni kitabu cha mwaka cha chuo, lile kubwa lenye jalada gumu ambalo kila mwanafunzi alinunua aone picha yake. Chukua cha mwaka mmoja kabla ya muungano na cha mwaka mmoja baada yake, uviweke mezani wazi. Katika cha kwanza wasichana wamepangwa safu tatu, sweta na shanga shingoni, na juu ya ukurasa jina la chama chao. Katika cha pili unawatafuta mmoja mmoja kwa sura na kwa jina. Wakiwa wote wamehamia chini ya jina jipya, umeushika muungano uliofika hadi kwenye tawi. Wakiwa nusu wamehamia na nusu wako kwenye sororiti nyingine, au hawako popote, basi uamuzi wa makao makuu haukuwafunga wote, na swali la nani alirithi nini katika chuo kile limebaki wazi. Mkataba wa muungano unaweza kudai kwamba chama kizima kilihama, lakini ukurasa wa picha ndio unaoonyesha nani hasa alihama.

Baada ya hapo mtafiti aende kwenye ofisi ya ardhi ya kaunti. Watu husahau kwamba nyumba ya sororiti mara nyingi haimilikiwi na sororiti yenyewe. Inamilikiwa na kampuni ndogo ya nyumba iliyoundwa na wahitimu wa tawi lile, ambayo ina katiba yake, wakurugenzi wake, na usajili wake kwa katibu wa jimbo. Chama cha kitaifa kinaweza kutoweka huku kampuni ya nyumba ikiendelea kulipa kodi ya jengo kwa jina lilelile la zamani. Ukiipata kampuni kama hiyo ikiwa hai, jina ulilodhani limekufa bado liko kwenye hati na hundi za watu.

Hapo ndipo sheria inapoingia, na si kabla. Marekani haki ya alama hutokana na kuitumia; usajili huithibitisha na kuipa nguvu zaidi, lakini hauiumbi. Sheria inasema alama hupotea inapoachwa kutumika kwa nia ya kutoirudia, na miaka mitatu mfululizo bila matumizi huchukuliwa kuwa dalili tosha ya kutelekezwa hadi mwenye alama athibitishe vingine. Watu wengi wamekariri hiyo miaka mitatu na kuusahau ule upande wa nia. Aidha, kusajili shirika kwa katibu wa jimbo ni kitu kimoja na kuwa na haki ya alama ni kitu kingine. Msomaji wa Nairobi anaijua tofauti hii: kampuni inasajiliwa kwa msajili wa biashara, alama ya biashara inakwenda KIPI, taasisi ya Kenya ya mali za ubunifu wa viwanda, na cheti cha kwanza hakikupi haki ya cha pili. Marekani ni vivyo hivyo, lakini kila mwaka kuna watu wanaotoka kwenye ofisi ya jimbo na cheti cha shirika wakiamini kwamba jina sasa ni lao nchi nzima.

Upande wa wanaosema jina lililoachwa litumike una hoja nzuri, na haistahili kubezwa. Sheria ya alama haikutungwa kuwa jumba la makumbusho. Inalinda jina kwa sababu jina linamwambia mtu anashughulika na nani. Pasipo shughuli hakuna cha kulinda, na kumruhusu mtu akalie jina asilolitumia ni kuwanyima wengine bure. Mfano unaotajwa sana ni wa timu ya besiboli ya Dodgers, iliyohama Brooklyn kwenda Los Angeles kabla ya msimu wa 1958. Miaka 30 baadaye mgahawa wa Brooklyn ulipojiita Brooklyn Dodger, ligi ilikwenda mahakamani. Mwaka 1993 mahakama ya shirikisho ya New York ilisema timu ilikuwa imelitelekeza jina la Brooklyn Dodgers kwa miaka mingi, na kwamba kulitaja kwa kumbukumbu za zamani hakutoshi kulishikilia. Hukumu hiyo ilikuja kufutwa baada ya pande mbili kupatana, kwa hiyo asiitegemee mtu kama msahafu, lakini mantiki yake ina uzito: sherehe za kumbukumbu na matumizi ya alama ni mambo mawili. Sororiti kubwa inayotaja chama ilichokimeza kwenye ukurasa wa historia yake tu, bila kulitumia jina hilo kwa tuzo, ufadhili, tawi au bidhaa yoyote, iko katika nafasi dhaifu kuliko inavyopenda kukiri.

Hata hivyo kesi ya mwaka uliofuata inauonyesha upande wa pili, na mimi naona ndiyo inayofanana zaidi na hali ya sororiti. Timu ya Colts, ya futiboli ya Kimarekani, ilihama Baltimore usiku mmoja wa Machi 1984 kwenda Indianapolis. Mwaka 1994 timu mpya ya Baltimore, iliyocheza ligi ya Kanada, ilitaka kujiita Baltimore CFL Colts. Jaji Richard Posner na wenzake wa mahakama ya rufaa ya Chicago waliidhinisha zuio. Walikubali kwamba jina la Baltimore Colts lilikuwa limeachwa. Waliloangalia ni kama watu wangechanganyikiwa na kudhani timu mpya ina uhusiano na ile ya Indianapolis, ambayo ndiyo muendelezo wa timu ya zamani. Kutelekezwa kwa jina hakumpi mtu ruhusa ya kujipachika ukoo wa watu. Sasa weka Theta Upsilon mahali pa Colts. Kundi jipya likijiita Theta Upsilon na kutangaza kwamba limeanzishwa Berkeley mwaka 1914, mtu yeyote anayejua historia atadhani Delta Zeta imefufua tawi la familia yake. Huo mwaka 1914 ndio unaoleta matatizo kuliko jina. Vikundi vingi vinavyofufua majina havitaki herufi tupu; vinataka umri, waasisi na beji ya zamani, yaani vinataka kuonekana ni muendelezo. Na muendelezo ndicho kitu pekee ambacho chama kilichomeza kinaweza kuthibitisha kwa mkataba na orodha ya wanachama waliohamia.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi: kwamba herufi za Kigiriki ni za kila mtu. Herufi, ndiyo. Lakini hakuna anayedai kuimiliki alfa. Kinacholindwa ni mpangilio wa herufi mbili au tatu unaotambulisha kundi fulani kwa watu fulani, na mahakama za Marekani zimekuwa zikiushughulikia kama alama nyingine yoyote. Vyama 32 vya Kigiriki vilipoishitaki Paddle Tramps, kampuni ya Lubbock, Texas, iliyokuwa ikitengeneza kasia za mbao zenye herufi na nembo zao tangu miaka ya 1960, hoja iliyoiokoa kampuni haikuwa kwamba herufi ni za umma. Mahakama ya rufaa mwaka 2013 iliiruhusu iendelee na sehemu ya biashara yake kwa sababu vyama vilikaa kimya kwa miongo kadhaa kabla ya kudai. Hilo ni somo kwa wenye majina walio hai: usipoidai haki yako kwa muda mrefu, utadhoofika. Halimsaidii mgeni anayeanza leo na jina la wenzake. Hoja ya pili dhaifu ni ya mjukuu anayesema bibi yake alikuwa mwanachama, ana beji yake kabatini, kwa hiyo jina limemfikia kwa urithi. Namwelewa, na beji hizo ni nzuri sana kuzishika mkononi. Lakini uanachama wa sororiti haurithiwi kama shamba, na katika sororiti nyingi hata beji yenyewe kikatiba ni mali ya chama, mwanachama amekabidhiwa tu kwa maisha yake. Mjukuu ana kitu cha thamani kwa mwanahistoria, hana hati ya jina.

Kesi ngumu kweli, inayonikosesha jibu rahisi, ni ya Iota Alpha Pi. Ilianzishwa mwaka 1903 na wanafunzi wa Kiyahudi katika chuo cha walimu cha New York ambacho baadaye kiliitwa Hunter College, wakati sororiti nyingine ziliwafungia mlango wasichana wa Kiyahudi. Ndiyo sororiti ya kwanza ya aina yake. Ilijivunja mwaka 1971. Haikuungana na mtu. Hakuna shirika lililo hai linaloweza kusema kwa mkataba kwamba hawa walikuwa wetu. Kwa kipimo cha sheria, zaidi ya miaka 50 bila matawi ni kutelekeza kusiko na ubishi mkubwa, na hakuna Indianapolis ya kuchanganywa nayo. Hapo wanaotaka majina yawe huru wanashinda, nami sioni njia ya kuwazuia kisheria. Lakini msichana aliyekula kiapo mwaka 1970 akiwa na miaka 19 leo yuko katikati ya miaka ya 70. Wapo wengi walio hai. Chama chao kilizaliwa kwa sababu ya ubaguzi, na kilikufa milango ya kwingineko ilipokuwa imefunguka. Kundi jipya lisilojua lolote kuhusu hayo likilichukua jina kwa sababu herufi zinapendeza kwenye sweta, litakuwa ndani ya haki yake na bado litakuwa limewafanyia watu hao ubaya mkubwa. Kwa hiyo msimamo wangu katika vifo vya aina hii ni kwamba wanachama walio hai watafutwe kwanza na waulizwe. Wakikubali na wakatoa kumbukumbu zao, jina litakuwa limepata watu. Wakikataa, herufi zipo 24 na mipangilio yake ni maelfu. Hakuna sababu ya kung'ang'ania ule mmoja.

Ziko pia sororiti zilizoonyesha kwamba kupoteza jina si kufa. Dartmouth College huko New Hampshire ina mfano ninaoupenda. Tawi la Sigma Kappa lililoanzishwa hapo mwaka 1977 lilijitenga na makao makuu mwaka 1988, likaacha jina likawa Sigma Delta, chama cha chuo kimoja. Mwaka 2015 tawi la Delta Delta Delta lilifanya vivyo hivyo likawa Chi Delta. Hawakudai kwamba wao ndio Sigma Kappa au Delta Delta Delta halisi kwa kuwa walikuwa wamelala kwenye vitanda vile na kuimba nyimbo zile. Walielewa kwamba jina lilikuwa la shirika la kitaifa, na udada ulikuwa wao. Harvard ilipoweka masharti dhidi ya vyama vya jinsia moja, mwaka 2018 baadhi ya matawi ya sororiti pale nayo yalijivua majina ya kitaifa, yakaendelea kwa majina mapya. Mtu anayesema kundi haliwezi kuwa na historia bila jina la kale aende akawaulize wanachama wa Sigma Delta, waliokwisha kujenga yao kwa zaidi ya miaka 35.

Binti mmoja wa Kitanzania anayesoma katika jimbo la kati la Marekani aliwahi kuniandikia. Yeye na wenzake, wengi wao watoto wa wahamiaji kutoka Afrika, walikuwa wanaanzisha sororiti yao, na walipenda jina waliloliona limechongwa juu ya mlango wa jengo la zamani karibu na chuo. Walikuwa wamekagua rejista ya alama ya serikali ya shirikisho, hawakukuta kitu, wakaona njia nyeupe. Nilimshauri aanze na ule mlango: nani alijenga nyumba ile, hati iliandikwa kwa jina gani, wakazi wake walihamia wapi. Rejista ya shirikisho inaonyesha waliosajili. Haionyeshi aliyetumia bila kusajili, wala aliyerithi kwa muungano. Alipojua kwamba chama kile kilikuwa na mrithi, walichagua herufi zao wenyewe. Nilifurahi, kwa sababu wanafunzi kama hao wana kisa chao kipya cha kusimulia, na hakikuhitaji kuazima waasisi wa Kansas wa miaka ya 1920.

Jambo moja linaloweza kuwatuliza wanaopenda vya kale ni kwamba historia yenyewe iko wazi kuliko jina. Kazi zilizochapishwa Marekani kabla ya 1930 hazina tena hakimiliki, na nyingi za kati ya 1930 na 1963 ziliipoteza kwa sababu wenyewe hawakuirefusha mwaka wa 28 kama sheria ilivyotaka. Hii inamaanisha majarida, vitabu vya nyimbo na ripoti za mikutano za sororiti nyingi zilizokufa vinaweza kunakiliwa, kuchapishwa upya na kuwekwa mtandaoni bila kumwomba mtu. Anayeipenda Delta Sigma Epsilon au Beta Phi Alpha kwa dhati anaweza kuzirudisha mbele ya wasomaji kesho asubuhi, kwa jina lao halisi, bila kujifanya yeye ndiye wao. Nashangaa ni wachache kiasi gani wanaochagua njia hii, na ni wengi kiasi gani wanaokimbilia kulipa ada ya usajili.

Mzigo mkubwa zaidi, lakini, uko kwa vyuo vinavyofungwa sasa. Matawi ya sororiti za kitaifa yana makao makuu ya kuyazika vizuri: cheti kinarudishwa, karatasi zinakusanywa, wanachama wanahesabiwa kuwa wahitimu. Sororiti za chuo kimoja tu hazina mtu. Chuo kikitangaza kufunga mwezi wa nne na kufunga mwezi wa tano, masanduku ya kumbukumbu zao huenda na yeyote mwenye gari. Ofisi ya wanafunzi ya chuo kinachofunga ingeweza kuzitaka zifanye mkutano wa mwisho na kuandika kwenye muhtasari mambo matatu: karatasi zinakwenda maktaba gani, nani kati ya wahitimu amepewa mamlaka juu ya jina na beji, na kama jina linaruhusiwa kutumika tena au la, na kwa masharti gani. Muhtasari huo upelekwe kwa mthibitishaji wa sahihi na nakala yake ibaki kwenye nyaraka za jimbo. Ni kazi ya jioni moja. Itamwokoa mtafiti wa mwaka 2070 asitafute nia ya watu katika picha za kitabu cha mwaka, na itampa jaji, ikifikia huko, karatasi moja yenye jibu la swali ambalo leo linajibiwa kwa kubahatisha.